Kwaya ndiyo inayobeba opera nyepesi ya ridhaa

Kikundi cha opera nyepesi kikitangaza usaili, minong'ono huwa ni ile ile: nani atapewa nafasi ya binti, nani atakuwa mpenzi wake, na nani safari hii ataunyakua ule wimbo wa kuchekesha wenye maneno ya kasi. Kuhusu kwaya hakuna anayeuliza. Mimi ni mwalimu wa kwaya, kwa hiyo mnaweza kusema navutia kwangu, na kweli navutia. Lakini kikundi cha ridhaa chenye waimbaji wakuu wawili hodari na kwaya legevu hufifia taratibu, ilhali chenye kwaya imara hudumu hata mwaka ambao hakina mtu wa kufaa sehemu kuu. Ndiyo maana nikieleza shughuli zetu naanzia kwenye viti vya nyuma.

Kwa asiyejua: opera nyepesi ni mchezo wa jukwaani wenye muziki wa kiopera na kisa cha kuchekesha, na aghalabu mazungumzo kati ya nyimbo husemwa tu, hayaimbwi. Ilishika kasi Paris miaka ya 1850 kwa mkono wa Jacques Offenbach, ikapata waltzi zake, muziki wa dansi wa mapigo matatu, Vienna kwa Johann Strauss mdogo, na London ikawapata William Gilbert aliyeandika maneno na Arthur Sullivan aliyeandika muziki. Wa ridhaa ni sisi tusiolipwa. Jukwaani yuko mhasibu, nesi, fundi umeme, mwanafunzi, na mstaafu anayejua nyimbo zote kuliko mwalimu. Wanaolipwa, kama wapo, ni mpiga kinanda, wapiga ala wa usiku wa maonyesho, na mwenye ukumbi.

Mwaka wetu una onyesho kubwa moja, tamasha dogo moja au mawili ya nyimbo teule, na mkutano mkuu ambapo watu hugombana kwa heshima. Ugomvi mkubwa kuliko wote ni wa kuchagua kazi ya kuonyesha. Hapo ndipo naomba nisikilizwe mapema, maana kamati hupenda kuchagua kwa kuukumbuka wimbo mmoja mtamu. Mimi huchagua kwa kuhesabu vichwa. Nahesabu wale wanaokuja mazoezini siku ya mvua, si walioandikwa kwenye daftari la wanachama, kwa kuwa daftari hilo halijawahi kuimba. Sauti ya kwanza huwa tele, sauti ya pili inatosha, sauti ya nne ina wazee watatu imara na vijana wanaokuja na kuondoka. Sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, ni ya kuomba Mungu.

Ukishapata hesabu hiyo, kazi nyingi zinajiondoa zenyewe. Chukua The Pirates of Penzance ya Gilbert na Sullivan, ya mwaka 1879. Ina kundi la maharamia na kundi la polisi, yote ya wanaume. Kikundi kidogo hudhani kitawatumia watu wale wale kwa kubadilisha kofia. Haiwezekani: katika tendo la pili, yaani nusu ya pili ya mchezo, maharamia na polisi wako jukwaani pamoja, na wanapigana. Usipokuwa na wanaume wa kutosha kwa pande zote mbili, itabidi wanawake wavae sare za polisi au vilemba vya maharamia, jambo ambalo mimi sina tatizo nalo ilmradi wanaoimba mistari ya sauti ya tatu ni akina mama wenye sauti nzito ya kweli, si wanaoikandamiza koo. Iolanthe yao ya mwaka 1882 ni ngumu zaidi. Wanaume wake ni wajumbe wa Bunge la Malodi la Uingereza, wanaingia kwa gwaride na kujitangaza kwa kishindo, na utani wote umejengwa juu ya majivuno yao. Wanaume sita wenye haya hawawezi kuwa Bunge la Malodi.

Kwa kikundi kinachoanza, napendekeza Trial by Jury ya mwaka 1875 bila kusita. Ina tendo moja tu, dakika 40 hivi, na ndiyo pekee kati ya kazi za Gilbert na Sullivan isiyo na mazungumzo ya kusemwa: kila kitu kinaimbwa. Kwa hiyo hutafuti waigizaji wa kusema, na kwaya haitoki jukwaani kwenda kunywa chai. Wanaume ni baraza la wananchi wanaoamua kesi mahakamani, wanawake ni wasindikizaji wa bibi harusi aliyeachwa, wengine ni umma uliokuja kusikiliza kesi, na wote wana maoni kuhusu kila neno linalosemwa. Hiyo ndiyo kwaya ninayoipenda: kwaya yenye maoni.

Ukitaka kuona kinyume chake, tazama Die Fledermaus ya Strauss, ya mwaka 1874. Muziki wake nauabudu. Lakini tendo la kwanza zima ni la waimbaji wakuu peke yao. Kwaya inangoja karamu ya tendo la pili. Maana yake watu 30 wamevaa na kupakwa rangi saa moja mapema, wamekaa chumba cha kubadilishia nguo wakipiga soga, na wakiitwa wanaingia na sauti baridi. Anayeiandaa lazima ampe mtu kazi ya kuwapasha sauti huko nyuma, dakika chache kabla ya kuingia, tena kwa sauti ya chini isivuke pazia. Jambo moja zuri kwa watu wa ridhaa ni kwamba askari jela wa tendo la tatu, Frosch, haimbi hata noti moja. Yule mwanachama mchekeshaji asiyejua kushika sauti, ambaye kila kikundi kinaye, ameshapata pake.

Vikundi vidogo kabisa huwa nawaelekeza kwa Offenbach wa mwanzoni. Alipofungua ukumbi wake mwaka 1855, kibali cha serikali kilimruhusu wahusika wachache tu kwa kila mchezo, hivyo akaandika vichekesho vingi vya tendo moja kwa waimbaji wawili, watatu, wanne. Vizuizi hivyo vilipolegezwa mwaka 1858 ndipo akatoa Orphée aux enfers yenye miungu chungu nzima na kwaya. Vile vya awali vinafaa sana kwa tamasha dogo la katikati ya mwaka, wakati kwaya inapumzika na wale wenye hamu ya kuimba peke yao wanahitaji mahali pa kuitoa hamu hiyo.

The Mikado ya Gilbert na Sullivan, ya mwaka 1885, ambayo kisa chake kimewekwa Japani, ndiyo iliyopata umaarufu kuliko kazi zao zote. London ilionyeshwa mara 672 mfululizo mara ya kwanza. Kwa kwaya ni tamu mno. Lakini kuvaa na kujipaka ili kuiga Wajapani kunawakera watu leo, na wana haki ya kukerwa, wakati kisa chenyewe kinawacheka maofisa wa Uingereza. Vikundi vingi sasa vinaihamishia nchi ya kubuni kabisa. Mimi naona hilo linaiboresha, maana utani wa Gilbert unabaki wote.

Halafu kuna haki za watunzi. Hapa niruhusuni kuwa mkali kidogo, kwa sababu watu husema "hiyo ni ya zamani" na kuendelea na safari. Sullivan alifariki mwaka 1900, Gilbert mwaka 1911, na Uingereza kazi zao zilibaki mikononi mwa D'Oyly Carte, kampuni iliyokuwa ikizionyesha, hadi mwisho wa mwaka 1961. Vikundi vya ridhaa viliomba kibali na kukubali masharti. Sasa ziko huru. Franz Lehár, mwenye Die lustige Witwe ya mwaka 1905, alifariki mwaka 1948, kwa hiyo nchi zinazolinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi zilimwachia mwisho wa mwaka 2018. Lakini kifo cha mtunzi si mwisho wa hesabu. Aliyeandika maneno ana tarehe yake. Aliyetafsiri maneno hayo juzi ana haki zake. Aliyeupunguza muziki wa okestra uwatoshe watu wanane ana zake pia. Ukikodi vitabu vya nota, soma mkataba hadi chini. Tahadhari hii ina historia ndani ya fani yenyewe: H.M.S. Pinafore ya mwaka 1878 ilichezwa kila kona ya Marekani bila Gilbert na Sullivan kupata kitu, ndiyo maana The Pirates of Penzance ilizinduliwa rasmi New York, Desemba 31, 1879, wao wenyewe wakiwepo.

Sasa mazoezi, ambayo ndiyo shughuli yenyewe.

Wiki za kwanza hatusimami. Tunakaa, tunajifunza sauti, basi. Waongozaji wa maigizo hawapendi, wanaona muda unapotea, lakini sauti isiyokaa kichwani ikikutana na miguu inayotembea inamwagika yote. Wengi wetu hawasomi nota, wala simlazimishi mtu. Narekodi kila sauti kwenye kinanda, sauti husika ikisikika juu na nyingine kwa mbali, kisha inaenda kwenye simu zao. Kasoro ya njia hii ni kwamba mtu akiisikiliza sana rekodi anaanza kuifuata rekodi badala ya kumfuata kiongozi wa muziki. Unamwona: mkono umepunguza mwendo, yeye anasonga mbele na kinanda kilichomo kichwani mwake. Kwa hiyo katikati ya msimu nawaambia wazifute, na siku inayofuata nabadilisha mwendo makusudi, haraka, polepole, simama, mpaka macho yanyanyuke kutoka kwenye karatasi.

Na ninafundisha kutoka mwisho. Wimbo mrefu wa kufunga tendo, ule ambamo kila mtu yuko jukwaani na mambo yamevurugika, nauanza kwenye ukurasa wake wa mwisho, kisha ule wa kabla yake, nikirudi nyuma. Ukianza mwanzo, watu wataujua mwanzo kwa kurudia mara nyingi, na mwisho utaufikia kila mara mkiwa mmechoka na saa imekwisha. Ukianza mwisho, kila wanapoimba wanaelekea mahali wanapopafahamu. Sauti inapanda ujasiri badala ya kushuka, na anayekaa viti vya nyuma atakumbuka dakika mbili za mwisho kuliko kumi za kwanza.

Nitaje sehemu moja niwaonyeshe ugumu ulivyo. Katika tendo la kwanza la The Pirates of Penzance, Mabel na Frederic wamependana ghafla, na dada zake Mabel, kwa adabu, wanageuka upande na kujifanya wanaongea kuhusu hali ya hewa. Wanaongea kwa haraka, neno juu ya neno, katika mapigo mawili mawili. Wapenzi wanaingia na waltzi, mapigo matatu matatu, mistari mirefu iliyonyooka. Kisha Sullivan anaviweka vyote viwili pamoja. Kwa masikio ya msikilizaji ni raha tupu. Kwa mwimbaji wa kwaya ni mtego, kwa kuwa waltzi inavuta mwili, na baada ya muda mfupi dada zetu wote wameacha hali ya hewa na kuanza kuyumba na wapenzi.

Dawa yangu haina ufundi mkubwa. Nawafundisha maneno bila sauti kwanza, kwa kunong'ona, ulimi ukipiga meno, mpaka yatoke kama mvua kwenye bati. Kisha wanatembea chumbani huku wakinong'ona, hatua moja kwa kila pigo lao. Kisha namwomba mpiga kinanda aingize waltzi, wao wasiache kutembea. Watakaopoteza hatua wanasimama, wanasubiri pigo la kwanza ambapo pande mbili hukutana, wanaingia tena. Hakuna kumcheka mtu. Sauti inaongezwa mwisho kabisa, na hata hapo nataka iwe ndogo, konsonanti kubwa. Dada hao wanasikiliza kwa siri kile wanachojifanya hawakisikii. Wakiimba kwa nguvu, hakuna siri, na wapenzi wanafunikwa.

Wakati huo mwongozaji wa maigizo naye ana yake. Gilbert mwenyewe alipanga mienendo ya kwaya nyumbani kwa vipande vidogo vya mbao juu ya jukwaa la mfano kabla hajakutana na waimbaji, na alitaka kila mmoja ajue anaenda wapi na kwa nini. Ni urithi mzuri. Ugomvi wetu ni kwamba mwongozaji hupanga watu kwa macho: wafupi mbele, warefu nyuma, nguo za rangi hii zisikae na zile. Mimi nawapanga kwa masikio. Kila kundi la watu wanne au watano jukwaani lazima liwe na mmoja anayeijua sauti yake hata ukimwamsha usiku, na huyo asiwe pembeni, awe katikati ili wenzake wamsikie pande zote. Tukishaafikiana juu ya huyo mmoja, mengine mwongozaji achague apendavyo. Kinachonichosha ni mtindo wa kumwandikia kila mwanakwaya historia ya maisha ya mhusika wake, amezaliwa wapi, anamchukia nani. Polisi wa Penzance anahitaji kitu kimoja tu, kuwa mwoga na kujaribu kuficha.

Usaili kwa upande wangu si wa kumfukuza mtu. Namsikiliza ili nijue nimweke wapi. Upande wa sehemu kuu ndio wenye machozi, na hapo nimejifunza kusema mambo waziwazi. Dada mmoja aliniuliza mlangoni, "Mwalimu, kwa hiyo safari hii tena niko kwaya?" Nikamwambia yuko kwaya, tena pembeni mwa wapya wanne, kwa sababu bila yeye hao wanne hawatafungua mdomo. Alinuna wiki moja. Kanuni yetu nyingine inasaidia: aliyepewa sehemu kuu huimba na kwaya katika kila wimbo ambao mhusika wake anaweza kuwepo. Wengine hawaipendi. Wasioipenda kabisa huhamia kikundi kingine, na sijaona hasara.

Okestra tunaipata mwishoni mno. Ile ya Sullivan pale ukumbi wa Savoy, London, ilikuwa na wapiga ala wapatao 30, na kwa kazi nyingi alitumia oboe moja na fagoti moja tu, ala mbili za kupuliza. Kwa hiyo ukipunguza watu kwa sababu ya fedha, usianze na hizo mbili. Hakuna nyingine ya kuziba pengo lake. Punguza nyuzi, au baki na kinanda na ala chache zilizochaguliwa vizuri. Siku ya kwanza na okestra waimbaji wanakaa, hakuna kuigiza, na kwaya inapata mshtuko ule ule kila mwaka: kinanda kilichokuwa kikiwapa sauti ya kuanzia hakipo. Najiandaa kwa kuwaandikia kwenye vitabu, kwa penseli, ni ala ipi watakayoisikia kabla ya kuingia: "klarineti", "honi, noti ya mwisho", "hakuna kitu, jihesabu". Hiyo ya tatu ndiyo inayowatia hofu, nami nairudia mara nyingi.

Mengine ya wiki ya maonyesho ni mbio tu. Maleba yanafika, nusu hayatoshi, akina mama wenye sindano wanaokoa jahazi. Taa zinapangwa usiku kucha huku kwaya ikisimama pale inapoambiwa kusimama. Meneja wa jukwaa anakuwa ndiye mkubwa kuliko wote, hata kuliko mimi, na anayebisha hilo hajawahi kuona mwimbaji akipita mbele ya mandhari inayoshushwa. Fedha? Kila mwanakwaya ana ndugu, majirani na wenzake wa kazini, na wengi wao watakata tiketi kumwona mtu wao akiwa wa tatu kutoka kushoto. Mwimbaji mkuu mmoja, hata awe malaika, hana ndugu wa kujaza ukumbi. Mweka hazina wetu ambaye hajui sauti ya kwanza ni ipi ameielewa hoja hii haraka kuliko kamati nzima.

Onyesho likiisha, kabla ya watu kutawanyika, nagawa vifutio. Vitabu vya nota vya kukodi hurudishwa vikiwa safi, na anayekodisha akikuta alama za penseli hutoza faini au hukata kwenye amana. Tunakaa sakafuni tukifuta. Kabla ya hapo huwa nimenakili kwenye kitabu changu mwenyewe kila mahali pa kuvuta pumzi na kila "klarineti", kwa sababu kazi hizi hurudi baada ya miaka michache, na wale wazee watatu wa sauti ya nne wataniuliza kwa nini safari hii nimebadilisha.